Mbegu ya Kuazima Si Sadaka

Kila mwaka, ifikapo mwezi wa Novemba na mawingu kuanza kutanda juu ya milima ya Matogoro, mkazi wa Songea hujiuliza swali lile lile la miaka yote: mbegu zitapatikana wapi? Kwa upande wa mahindi, swali hilo lina majibu mengi. Yapo maduka ya pembejeo, wapo mawakala, na ipo mipango ya Serikali ya kumpunguzia mkulima gharama. Lakini kwa upande wa mnavu, figiri, kunde, mgagani, nyanya chungu, maboga ya asili na maharage ya aina za zamani, jibu ni moja tu: nenda kwa jirani. Na majirani wenye mbegu hizo wanazidi kupungua mwaka hata mwaka.

Dawa ya upungufu huo ipo, wala haihitaji fedha nyingi. Dawa hiyo ni maktaba ya mbegu, yaani mahali pamoja panapotunzwa mbegu za bustani za eneo husika, ambapo mwananchi huazima kiasi kidogo bila malipo, akapanda, akala, akaiacha mimea michache ikomae, kisha akarudisha mbegu kwa ajili ya mwenzake wa msimu ujao. Wengine huiita benki ya mbegu ya jamii. Jina si hoja. Hoja ni ule mzunguko wa kuchukua na kurudisha. Palipo na kuchukua bila kurudisha hapana maktaba. Pana mgao, na mgao huisha siku gunia linapoisha.

Kata ya Matogoro katika Manispaa ya Songea ina kila sababu ya kuwa na maktaba ya namna hiyo. Milima yake ndiyo chimbuko la Mto Ruvuma, mto uliolipa jina mkoa mzima na ambao unaendelea kusafiri hadi Bahari ya Hindi, ukiwa mpaka wa Tanzania na Msumbiji kwa sehemu kubwa ya safari yake. Hali ya hewa yake ni ya ubaridi wa kadiri na udongo wake hukubali mboga za aina nyingi. Zaidi ya hayo, Matogoro ni mahali pa elimu: kipo chuo cha ualimu, zipo shule, na wapo watumishi wa umma wengi ambao karibu kila mmoja ana kijibustani nyuma ya nyumba. Ardhi ipo, mvua ipo na wenye kusoma na kuandika wapo. Kinachotakiwa ni mpango na nidhamu.

Huenda msomaji akauliza: je, mkoa unaolisha mikoa mingine una haja gani ya kuhangaika na mbegu za mchicha? Ruvuma imehesabiwa kwa miaka mingi miongoni mwa mikoa mikubwa ya mahindi, pamoja na Iringa, Mbeya na Rukwa. Magunia hujaa maghalani Songea kila baada ya mavuno. Hata hivyo, uchunguzi wa kitaifa wa afya uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba zaidi ya watoto 4 katika kila 10 wenye umri chini ya miaka mitano mkoani Ruvuma walikuwa wamedumaa, wakati wastani wa Tanzania ulikuwa asilimia 34. Wastani huo wa nchi ulishuka hadi asilimia 30 katika uchunguzi wa mwaka 2022, jambo ambalo ni la kutia moyo. Lakini fundisho limebaki pale pale. Ghala lililojaa mahindi halitoshi kumkuza mtoto. Udumavu una sababu nyingi, zikiwamo maradhi na kazi nyingi za mama. Hata hivyo sahani yenye ugali mweupe pekee ni mojawapo, na sahani hiyo hurekebishwa na bustani.

Jambo hili si geni masikioni mwa watumishi wa siku nyingi. Mwaka 1973 nchi nzima ilifundishwa kwa redio katika kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ikafuata kampeni ya Chakula ni Uhai. Vikundi vya kusikiliza redio viliundwa vijijini, na walimu ndio waliokuwa nguzo ya vikundi vingi. Wananchi waliambiwa walime mboga na matunda karibu na nyumba zao. Walioitikia wito huo walipata mbegu kwa njia ya asili kabisa: walipewa na shangazi, na mama mkwe, na jirani wa upande wa pili wa bonde. Kampeni ilileta elimu. Mbegu zilikuwa tayari mikononi mwa wananchi wenyewe. Leo elimu ya lishe imeenea kuliko wakati ule, lakini mbegu nyingi zimekwisha mikononi.

Kuazimana mbegu ni desturi ya kale katika sehemu zote za nchi. Mama aliyepungukiwa na mbegu za kunde hakuona haya kubisha hodi kwa mwenzake, kwa sababu alijua kwamba msimu ujao huenda mwenzake ndiye atakayebisha. Mbegu zilihifadhiwa kwenye kichanja juu ya jiko, ambako moshi uliwafukuza wadudu, au ndani ya kibuyu kilichozibwa, zikiwa zimechanganywa na majivu. Kila nyumba ilikuwa na akiba yake, na akiba zote kwa pamoja zilikuwa ghala la kijiji, ingawa halikuwa na mlango wala kufuli.

Wananchi wa Songea hawahitaji kufundishwa na mtu maana ya kupoteza ghala hilo. Wakati wa Vita vya Maji Maji, majeshi ya Wajerumani yalipoona kwamba bunduki peke yake haitavunja moyo wa watu, yaliteketeza mashamba na maghala ya chakula. Kila tarehe 27 Februari mji wa Songea huwakumbuka mashujaa walionyongwa siku hiyo mwaka 1906, na makumbusho ya pale Mahenge huhifadhi kumbukumbu yao. Yafaa ikumbukwe pia kwamba waliokufa kwa njaa na maradhi yaliyofuata walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Ghala lilipoungua kiliungua chakula cha mwaka ule, na mbegu za mwaka uliofuata ziliungua pamoja nacho. Mvua ilinyesha na ardhi ilikuwapo, lakini asiye na mbegu hana cha kufukia ardhini. Mkoloni alilijua hilo. Itakuwa ajabu wajukuu wa wahanga wale wakilisahau kwa hiari yao.

Mbegu za zamani hazikupotea katika miaka ya karibuni kwa moto. Zimepotea polepole na bila kelele, mara nyingi kwa nia njema. Kampuni ya Mbegu ya Taifa, iliyojulikana kama TANSEED, iliundwa mwaka 1973 ili mkulima apate mbegu bora. Mbegu chotara za mahindi na mbolea ziliongeza mavuno ya mikoa ya kusini, na hakuna mtu mwenye busara anayetaka kurudi nyuma katika hilo. Lakini pamoja na faida hiyo iliingia kasumba ya kudhani kwamba kilicho katika pakiti yenye picha ya rangi ndicho cha kisasa, na kilicho ndani ya kibuyu cha bibi ni cha kishamba. Mnavu ukaitwa chakula cha maskini. Mtumishi aliyehamia mjini akaona fahari kununua kabichi sokoni kuliko kuchuma figiri uani. Mbegu isiyopandwa miaka mitano au sita haiwezi kusubiri watu wabadili mawazo, hufa.

Pakiti ya dukani ina nafasi yake, ila ina mipaka ambayo mnunuzi aijue. Nyingi za mbegu za nyanya, kabichi na hoho zinazouzwa sasa ni chotara. Mbegu itokanayo na tunda la chotara haizai watoto wanaofanana na mzazi. Baadhi hutoka wafupi, baadhi huzaa kidogo, na wengine hushambuliwa na magonjwa. Kwa hiyo mwenye kutumia chotara hulazimika kurudi dukani kila msimu. Kwa mkulima wa biashara gharama hiyo hulipwa na mavuno. Kwa mama anayetaka matuta matatu ya mboga za watoto, ni kodi isiyo ya lazima, kwa sababu mchicha, mnavu, kunde na maharage humpa mbegu za kurudia bila kumdai senti.

Tazama hesabu ya mchicha. Gramu moja ya mbegu za mchicha ina punje zinazozidi 1,000, na shina moja lililoachwa likakomaa vizuri laweza kutoa punje kwa maelfu mengi. Kijiko kimoja cha chai chaweza kuanzisha bustani za nyumba kadhaa. Mtaa mzima waweza kulishwa mboga na mashina machache yaliyoachwa pembeni mwa tuta bila kuchumwa. Shida, basi, ni kukosekana kwa mahali pa kukusanyia na mtu wa kuandika nani kachukua na nani karudisha.

Mfano wa karibu uko Uganda. Katika eneo la Kiziba, wilayani Sheema, magharibi ya nchi hiyo, wakulima walianzisha benki ya mbegu ya jamii mwaka 2010, na zao lake kubwa ni maharage. Mwanachama huazima mbegu, na baada ya mavuno hurudisha mara mbili ya alichochukua. Nchini Kenya, mjini Gilgil, upo mtandao wa wahifadhi mbegu ulioanza mwaka 2009, unaowafundisha wakulima kuchagua, kukausha na kutunza mbegu zao za asili. Huko Ethiopia, baada ya ukame wa miaka ya 1980, wanasayansi wa hifadhi ya mbegu ya Addis Ababa wakiongozwa na Dk. Melaku Worede walikusanya mbegu za wakulima kabla hazijaliwa zote kwa sababu ya njaa, kisha wakazirejesha mashambani kwa kushirikiana na wakulima wenyewe. Jitihada hizo zilimpatia Dk. Worede tuzo ya kimataifa ya Right Livelihood mwaka 1989.

Hata mataifa makubwa huishi kwa kanuni hiyo hiyo. Kituo cha utafiti wa kilimo cha ICARDA kilikuwa na hazina ya mbegu karibu na mji wa Aleppo, Syria, na nakala zake kilikuwa kimezihifadhi katika ghala la dunia lililochimbwa ndani ya mlima huko Svalbard, Norway, ghala lililofunguliwa mwaka 2008. Vita vilipoizuia kazi ya Aleppo, kituo hicho kilikwenda mwaka 2015 kuchukua mbegu zake. Kilizipanda Lebanon na Moroko, kikazalisha nyingine, na mwaka 2017 kikarudisha sehemu yake Svalbard. Kilichukua, kikapanda, kikarudisha. Alichokifanya mwanasayansi mwenye maabara ndicho anachoombwa kukifanya mwalimu wa Matogoro mwenye matuta manne.

Tanzania nayo inazo hazina kubwa. Jijini Arusha ipo hifadhi ya taifa ya nasaba za mimea, na mkoani humo humo kipo kituo cha Afrika cha shirika la kimataifa la utafiti wa mboga, kilichoanza kazi mwaka 1992 na ambacho kimekusanya mbegu za mboga za asili za Afrika kwa wingi. Hazina hizo ni fahari ya nchi. Lakini kutoka Arusha hadi Songea ni safari ndefu, na hifadhi ya taifa haikujengwa ili mama wa Matogoro abishe hodi kuomba kijiko cha mnavu. Hazina kuu huilinda mbegu isitoweke duniani; ghala la kata huifanya ipandwe. Moja bila jingine halikamiliki.

Namna ya kuendesha maktaba ya mbegu yafaa ielezwe bila mafumbo, maana mambo mengi mema hufa kwa kukosa utaratibu. Kwanza, ianze na mazao yasiyobadilika upesi. Maharage, kunde, nyanya na mnavu hujichavusha yenyewe kwa kiasi kikubwa, hivyo mbegu zake hutoka kama mzazi hata zikipandwa karibu na aina nyingine. Mahindi na maboga si hivyo: chavua ya mahindi huchukuliwa na upepo, na ya maboga hubebwa na nyuki, na aina mbili zikikaribiana huchanganyika. Maktaba changa isiyaguse hayo mpaka watunzaji wake wapate uzoefu.

Pili, mbegu ichaguliwe kutoka kwenye shina bora, wala isiwe masalio ya jikoni. Wengi hula maganda mazuri na kuacha yaliyosinyaa kuwa mbegu. Hapo huchagua udhaifu kwa mikono yao wenyewe. Shina zuri lifungwe kitambaa tangu mapema ili lisichumwe. Shina lenye majani ya mabaka au yaliyojikunja lisichukuliwe mbegu kabisa, kwa sababu magonjwa kadhaa ya maharage, kama vile chule na batobato, husafiri ndani ya mbegu na yangeweza kuenea kata nzima kwa jina la ushirikiano.

Tatu, ukaushaji. Wataalamu wa mbegu wana kanuni nyepesi ya kukumbuka: kila unyevu wa mbegu unapopungua kwa asilimia moja, uhai wake ghalani karibu huongezeka maradufu, na kila joto la ghala linaposhuka kwa nyuzi 5, huongezeka maradufu tena. Mbegu za nyanya zikamuliwe pamoja na maji yake, ziachwe zichachuke siku mbili au tatu, zioshwe, kisha zianikwe kivulini. Baada ya kukauka, mbegu zote ziwekwe katika chupa zenye vifuniko vinavyobana, mahali penye giza na ubaridi, kila chupa ikiwa na jina la zao, mahali ilikotoka na mwezi wa mavuno. Msemo wa wahenga kwamba akiba haiozi hauihusu mbegu. Mbegu ya kitunguu, kwa mfano, hupoteza nguvu zake nyingi ndani ya mwaka mmoja au miwili.

Nne, majaribio ya uotaji. Kabla ya kuazimisha, punje 100 zizungushiwe kitambaa chenye maji maji na kuhesabiwa zilizoota baada ya juma moja au zaidi kidogo, kulingana na zao. Zikiota 80, mkopaji aambiwe hivyo; zikiota 30, zisiazimishwe bali zipandwe haraka na watunzaji ili kuokoa uzao. Hapa ndipo shule inapoingia. Tangu falsafa ya Elimu ya Kujitegemea ilipotangazwa mwaka 1967, shamba la shule limekuwa na wapenzi na maadui. Maadui wake husema, na mara nyingine kwa haki, kwamba limegeuzwa mahali pa kumwadhibu mtoto kwa jembe. Kuhesabu punje zilizoota, kuzigeuza kuwa asilimia, kuchora jedwali na kulinganisha mwaka huu na mwaka jana ni hisabati na sayansi kwa pamoja, na hakuna mtoto atakayeiona kazi hiyo kuwa adhabu.

Tano, na hili ndilo kubwa kuliko yote, ni daftari. Waswahili husema dawa ya deni ni kulipa. Chukua maktaba inayoazimisha kwa sharti la kurudisha mara mbili. Nusu ya wakopaji wakitimiza ahadi, ghala hubaki kama lilivyokuwa. Wakitimiza wote, huongezeka maradufu. Lakini robo tu wakitimiza, ghala hupungua nusu kila msimu. Baada ya misimu mitatu hubaki sehemu moja katika nane ya kilichokuwapo. Halihitajiki jambo kubwa kama wizi au moto ili maktaba ife. Yatosha watu watatu katika kila wanne kujisemea, "Ni punje chache tu, nani atauliza?"

Katika hilo, ukweli usemwe bila kuoneana haya. Mara nyingi huduma ya umma ikianzishwa, wa kwanza kuifikia ni mtumishi, kwa kuwa yuko karibu na ofisi na anajua lini mlango utafunguliwa. Na wa mwisho kurudisha huwa ni yeye pia, kwa kuwa hakuna mwenye ujasiri wa kumdai. Mkulima huogopa kumkumbusha ofisa deni la vikombe viwili vya maharage. Maktaba ya mbegu haitasimama juu ya msingi huo. Jina la mwalimu mkuu, la mtendaji wa kata na la bwana shamba yaandikwe katika daftari lile lile, kwa wino ule ule, na yasomwe hadharani siku ile ile ya marejesho. Siku hiyo yaweza kuwa Nane Nane, ambayo ni sikukuu ya wakulima. Wakati huo mvua zimekwisha zamani, maganda yamekauka, na kila mtu ana muda wa kupukuchua.

Neno "bure" nalo litumiwe kwa uangalifu. Mbegu ya bure huweza kumaanisha mambo mawili yaliyo mbali kama mbingu na ardhi. Kuna bure ya msaada, inayokuja na gari, mabango na wapiga picha. Mwananchi hupokea, hushukuru, na pengine huzichemsha zile kunde jioni ile ile, kwa sababu hakuahidi kitu. Na kuna bure ya kuazimana, ambayo haina bei kwa kuwa ina ahadi. Hiyo ya pili humpa heshima anayepokea, maana humtambua kuwa ni mtu atakayekuwa na cha kurudisha. Mfadhili akija na chupa, mizani au rafu, akaribishwe. Akija kugeuza maktaba kuwa kituo cha mgao, aelezwe kwa adabu kwamba jambo hilo lilikwisha kujaribiwa penginepo na halikudumu.

Lipo pia suala la sheria, na maofisa wasiliache gizani. Sheria ya Mbegu ya mwaka 2003 ilikusudia kumlinda mkulima dhidi ya mbegu bandia, na chini yake Taasisi ya TOSCI hukagua na kuthibitisha mbegu zinazoingia sokoni. Upo pia utaratibu wa mbegu za kuazimiwa ubora, neno litokanalo na kuazimia wala si kuazima, ambao unawaruhusu wakulima waliosajiliwa kuzalisha mbegu na kuziuza katika eneo lao kwa ukaguzi wenye masharti nafuu. Sheria nyingine ya mwaka 2012 inalinda haki za wagunduzi wa aina mpya za mimea, na mwaka 2015 Tanzania ilijiunga na umoja wa kimataifa wa kulinda haki hizo. Kwa sababu hiyo maktaba isipokee wala kuazimisha aina zinazolindwa, na isiuze hata punje moja. Ibaki na mbegu za asili za bustani, ambazo mgunduzi wake ni vizazi vya akina mama wasiojulikana majina.

Sheria za namna hii zimeleta utata mahali pengine. Mwaka 2014, idara ya kilimo ya jimbo la Pennsylvania, Marekani, iliieleza maktaba moja ya vitabu katika mji wa Mechanicsburg kwamba mpango wake wa kuazimisha mbegu ulikuwa unakwenda kinyume cha sheria ya mbegu ya jimbo hilo, sheria iliyotungwa kwa ajili ya makampuni. Wananchi walilalamika sana, na baadaye majimbo kadhaa yakaweka wazi kwamba maktaba za mbegu si wafanyabiashara. Nchini Kenya sheria iliweka adhabu ya hadi miaka miwili gerezani au faini ya hadi shilingi milioni moja za nchi hiyo kwa makosa yanayohusu mbegu zisizothibitishwa. Wakulima wadogo walifungua shauri mwaka 2022, na mwezi wa Novemba 2025 Mahakama Kuu ikatamka kwamba vifungu vilivyomfanya mkulima kuwa mhalifu kwa kubadilishana mbegu na mwenzake vilikiuka Katiba.

Fundisho kwa Songea ni kwamba jambo hili lishughulikiwe kabla ya kuwa ugomvi. Halmashauri ya Manispaa iiulize TOSCI kwa barua, na ipate jibu kwa maandishi, juu ya masharti ya kuazimisha mbegu za mboga za asili bila malipo ndani ya kata. Jibu hilo libandikwe mlangoni mwa maktaba. Mwananchi asiogope kuazima mnavu kana kwamba anapokea mali ya wizi, na ofisa asiwe na kisingizio cha kusema kwamba "suala linashughulikiwa".

Bustani nazo ziwe mahali pake. Milima ya Matogoro hunywesha mji wa Songea, na kila bonde linalolimwa hadi ukingoni mwa kijito ni mkopo unaochukuliwa kwa watoto bila nia ya kulipa. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kwenye vyanzo vya maji. Anayeazima mbegu aahidi pia kuzipanda uani, shuleni au shambani mwake, wala si kwenye chemchemi. Maji ya kuoshea vyombo yatatosha kwa matuta matatu wakati wa kiangazi.

Mwisho ni suala la uhamisho. Walimu na watumishi huhamishwa, na juhudi nyingi njema hufungashwa pamoja na masanduku ya aliyezianzisha. Kwa hiyo maktaba ya Matogoro isiwe mali ya mtu mwenye bidii. Iwe na kamati ndogo ya wakazi wa kudumu, wakiwamo wazee wanaozijua mbegu kwa majina ya Kingoni na Kimatengo. Iwe na funguo mbili mikononi mwa watu wawili. Na kila chupa iwe na pacha wake katika nyumba ya pili, ili panya mmoja au paa moja linalovuja lisifute kazi ya miaka kumi. Mwanachuo wa ualimu atakayejifunza kazi hiyo Matogoro ataondoka nayo hadi shule atakayopangiwa, iwe Kigoma au Lindi, na huko ataanza upya kwa mbegu za huko.

Chumba kimoja chenye rafu, chupa, kitambaa cha kuoteshea na daftari la shilingi chache vinatosha kuanza kabla ya mvua zijazo. Kata haina sababu ya kusubiri bajeti kwa ajili ya hayo. Mwenye kibuyu cha mbegu nyumbani akilete, na asiye nacho aje kuazima. Kila mmoja wao, awe ofisa au mkulima, arudishe kwa wakati.